Tela Jepesi la Kulala Livutwalo na Pikipiki

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Shinyanga na Geita



Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei, mpimaji wa chama hutumwa kwenye kituo kilicho mbali na nyumbani kwake, na huko hukaa majuma mengi. Hulala ghalani penye vumbi la pamba, au barazani kwa mwenyeji aliyemhurumia. Upande wa Geita, mchimbaji mdogo asikiapo kwamba dhahabu imeonekana mahali, hufunga virago usiku uleule, na baada ya siku mbili huwa amekwisha jenga kibanda cha fito na turubai. Mvua ikinyesha hulowa. Usiku mbu humwingilia. Mchana ashukapo shimoni, kila alicho nacho duniani kimebaki nyuma ya kipande cha plastiki ambacho kisu cha kumenyea viazi chatosha kukichana.

Watu hawa wawili wana jambo moja linalowaunganisha: kila mmoja amefika alipo kwa pikipiki. Kwa hiyo swali ambalo limekuwa likiulizwa katika karakana za Kahama, Masumbwe na Geita si swali la kipuuzi. Je, pikipiki hiyohiyo haiwezi kuvuta kijumba kidogo chenye kuta ngumu, kinachofungwa kwa komeo, ambacho mtu mmoja aweza kulala ndani yake akiwa mkavu na salama?

Jibu ni kwamba yawezekana, ila kwa sharti moja. Kijumba hicho hapana budi kisanifiwe kwa mizani, wala si kwa tamaa. Mazungumzo haya yanahusu sharti hilo, kwa sababu tela lililo zito kupita kiasi halimpi mtu malazi. Humvunjia pikipiki, na siku nyingine humvunjia shingo.

MIZANI KWANZA

Wazee wa Usukumani hawahitaji kukumbushwa mahali ulipozaliwa ushirika wa pamba. Ulizaliwa penye mizani. Mkulima wa zama za ukoloni alikuwa akibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, akasomewa uzito asioweza kuuhakikisha, akalipwa kwa uzito huo. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyowaleta watu pamoja hata Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria likaundwa mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Baadaye mambo yalipanda na kushuka: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Chama Kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, yaani SHIRECU, kikaanza mwaka 1984. Mwaka 2012 ukaundwa mkoa mpya wa Geita, ukachukua na wilaya za Bukombe na Mbogwe kutoka upande wa Shinyanga. Mipaka na majina yamebadilika, lakini mizani ingali katika kila ghala, na kila mwanachama angali anaitazama kwa macho mawili.

Basi chombo hicho ambacho chama kinacho tayari ndicho chombo cha kwanza cha kusanifu tela. Nyundo na mashine ya kuchomelea hufuata baadaye. Kila kitu kitakachoingia katika tela, tangu gurudumu hadi bawaba, kipimwe na kuandikwa katika daftari kama vile pamba ya mwanachama inavyopimwa na kuandikwa. Fundi asemapo, "Hiki ni chepesi," ajibiwe kwa heshima kwamba wepesi hausemwi, bali husomwa.

UWEZO WA PIKIPIKI

Wengi wamepata kuona picha za watu wa Marekani wakisafiri na matela ya kulala. Huko desturi ya kujenga vijumba vidogo vya mbao vya kuvutwa na gari, mtu akalala ndani na kupikia chini ya mfuniko wa nyuma, ilienea tangu miaka ya 1930. Wako pia wanaovuta matela ya namna hiyo kwa pikipiki. Lakini pikipiki zao ni za namna nyingine. Honda Gold Wing, ambayo hutumiwa sana kwa kazi hiyo, ilitoka mwaka 1975 ikiwa na injini ya cc 1,000, na tangu mwaka 2001 imekuwa na injini ya cc 1,800. Uzito wake peke yake ni zaidi ya kilo 350.

Pikipiki ya Shinyanga na Geita ni ya cc 100 hadi 150. Uzito wake ni kilo 120 hivi. Injini yake hupozwa na upepo tu, na upepo huo hupungua pale hasa injini inapofanya kazi ngumu, yaani inapopanda mlima polepole kwa giya ya kwanza au inapojikokota katika mchanga. Mwenye kunakili tela la Gold Wing na kulifunga nyuma ya pikipiki ya bodaboda ni kama mtu aliyechukua nira ya maksai wawili akamfunga mbuzi.

Kipimo gani basi kifuatwe? Sheria ya Uingereza juu ya jambo hili ina hekima inayofaa kuazimwa. Huko pikipiki haruhusiwi mtu kuvutia tela isipokuwa injini yake imezidi cc 125. Tela pamoja na mzigo wake lisizidi kilo 150 wala lisizidi theluthi mbili za uzito wa pikipiki, na kati ya viwango hivyo viwili hufuatwa kilicho kidogo. Upana wake nao usizidi mita moja. Sheria hiyo si ya Tanzania, lakini uzito hauna uraia. Theluthi mbili za kilo 120 ni kilo 80. Hiyo ndiyo jumla ya vyote: chuma, mbao, magurudumu, godoro, maji na chakula. Na chama chenye pikipiki ya cc 100 kisijaribu kabisa.

Yafaa sababu ielezwe, ili mtu asidhani kwamba kilo 80 ni woga tu. Katika mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi, kila kilo 100 huvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 10. Pikipiki na dereva wake tayari wana kilo 190, hivyo wanavutwa nyuma kwa kilo 19. Tela la kilo 80 huongeza 8. Klachi na mnyororo huweza kustahimili hayo dereva akiwa na subira. Lakini hatari kubwa haiko katika kupanda, iko katika kushuka. Tela dogo halina breki zake lenyewe. Breki za pikipiki ndizo zinazosimamisha vyote viwili, na wakati huo tela husukuma kutoka nyuma. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama huwa karibu mara nne. Katika changarawe iliyolegea, tela zito huipita pikipiki ubavuni na kuilaza chini kabla dereva hajajua limetukia nini.

SANDUKU LA KWANZA NA HUKUMU YAKE

Ichukuliwe kwamba halmashauri ya chama imemwita fundi na kumwambia atakayo. Karibu kila mtu huanza vilevile: ataka sanduku la kukaa kitako ndani yake, urefu sentimita 200, upana 75, kimo 90. Jumla ya eneo la sakafu, paa na kuta zake ni karibu mita 8 za mraba.

Fundi wa kuchomelea atapenda kulivika bati la chuma la unene wa milimita moja, kwa kuwa ndiyo kazi aijuayo. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa karibu kilo 8. Kwa hiyo sanduku tupu, kabla ya fremu wala gurudumu, limekwisha fika kilo 63. Hapo hakuna la kuzungumza zaidi.

Akiambiwa atumie mbao za plaiwudi, za milimita 4 kwa kuta na paa na za milimita 9 kwa sakafu, sanduku hushuka hadi kilo 23. Watu hufurahi. Lakini daftari likiendelea kuandikwa, furaha hupungua: fremu ya chuma kilo 13, magurudumu 14, vishikizo vya magurudumu 7, shokamzoba 4, kiungo na mnyororo wa usalama 4, mbavu za mbao 6, bawaba na komeo na rangi 5. Jumla kilo 76 likiwa tupu. Kisha mwenye tela huweka godoro, dumu la maji la lita 20, vyombo, chakula na zana zake, mzigo wa kilo 45 hivi. Tela limekuwa na kilo 121. Limeishinda pikipiki yenyewe kwa uzito.

Mahali hapa ndipo vyama vingi hujaribiwa kusema, "Si kitu, dereva wetu ni hodari." Uhodari wa dereva haubadilishi kisomo cha mizani. Mkulima aliyekataa kudanganywa na mizani ya mnunuzi hana haki ya kuidanganya ya kwake mwenyewe.

SANDUKU LA PILI

Njia iliyo sawa ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Jumla ni 80. Mtu mmoja atahitaji mzigo wa kilo 30, wala si zaidi. Kwa hiyo tela tupu lazima liwe kilo 50. Sasa kila kitu kiulizwe: wewe umeingia kwa sababu gani?

Kimo cha sentimita 90 ndicho cha kwanza kuondoka. Mtu halali akiwa amekaa. Sanduku la kulala lahitaji urefu wa sentimita 190, upana wa 65 na kimo cha 60. Kukaa na kupika hufanywa nje, paa likiinuliwa kwa bawaba upande mmoja na kuegemezwa kwa fimbo, turubai jepesi likatandwa toka ukingoni liwe kivuli. Eneo la kuta zote hushuka kutoka mita 8 hadi mita 5 na nusu za mraba.

Cha pili kuondoka ni sehemu kubwa ya fremu. Sanduku la plaiwudi lililogundishwa vizuri kwenye mbavu za mbao, kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, lina nguvu zake lenyewe kama ganda la yai. Kuliwekea chini fremu nzito ni kumbeba mtu anayejua kutembea. Yatosha bomba moja la chuma la pembe nne, la milimita 40 kwa 40 na unene wa milimita 2, litokalo kwenye pikipiki na kupita chini ya sanduku hadi nyuma ya magurudumu. Juu ya bomba hilo hulazwa vipande viwili vyembamba vya kukingama, na sanduku hufungwa humo kwa bolti zenye washa pana.

Shokamzoba nazo huondoka. Badala yake huwekwa vipande vinene vya raba vilivyokatwa katika tairi kuukuu la lori, vikae kati ya vishikizo vya magurudumu na bomba. Havilingani na shokamzoba kwa ulaini, lakini vyaondoa kilo tatu, na fundi wa kijiji chochote aweza kuvibadili.

Daftari la sanduku la pili husomeka hivi:

Plaiwudi ya kuta na paa, milimita 4: kilo 10
Plaiwudi ya sakafu, milimita 6: kilo 4
Mbavu za mbao: kilo 4
Bomba la kuvutia: kilo 5
Vipande vya kukingama: kilo 2
Vishikizo vya magurudumu: kilo 5
Magurudumu mawili: kilo 12
Kiungo na mnyororo wa usalama: kilo 3
Raba: kilo 1
Bawaba, komeo, gundi na rangi: kilo 4
Jumla: kilo 50

Na mzigo wa mtumiaji: godoro jembamba kilo 3, blanketi na chandarua 3, nguo 3, maji lita 10, chakula na sufuria kilo 5, zana za kazi 6. Jumla kilo 30. Atakaye kuongeza kitu, aseme kwanza anatoa nini.

Viungio vya plaiwudi hufunikwa kwa vitambaa vya amerikani vilivyolowanishwa katika rangi ya mafuta na kupakwa tena mara mbili vikikauka. Paa lipakwe rangi nyeupe, maana jua la Shinyanga mwezi wa Septemba halina huruma na paa jeusi.

KIUNGO NA MAGURUDUMU

Mafundi wengi hukosea katika kiungo, yaani pale tela linaposhikana na pikipiki. Gari halilali upande likikata kona, pikipiki hulala. Kwa hiyo kiungo cha pikipiki lazima kiruhusu miendo mitatu: kulia na kushoto, juu na chini, na kujizungusha kama msukano. Mwendo wa tatu ndio usahaulikao. Ukikosekana, pikipiki ikilala katika kona hulisokota tela, gurudumu moja likanyanyuka, au fremu ya pikipiki ikapasuka polepole bila mtu kujua. Njia nyepesi ni bomba la duara ndani ya bomba jingine, likizunguka kwa grisi, lizuiliwe na bolti isiyoweza kuchomoka. Mbele yake kiwe kiungo cha bolti mbili zilizokingamana.

Kiungo kisifungwe kwenye keria. Keria ilitengenezwa kwa kubebea, si kwa kuvutia. Kifungwe kwenye fremu yenyewe kwa vyuma viwili, kulia na kushoto, karibu na kimo cha ekseli ya nyuma. Kila kiungo kiwe na mnyororo wa usalama.

Magurudumu yawe ya pikipiki, ya inchi 17, ili tyubu na spoki za akiba ziwe zilezile zinazopatikana katika kila duka la barabarani. Magurudumu ya baiskeli ni mepesi, na Usukumani baiskeli imebeba mizigo ya ajabu, lakini mwendo wa pikipiki katika barabara yenye matuta madogomadogo hukunja ringi zake. Izingatiwe pia kwamba ekseli ya gurudumu la pikipiki imetengenezwa kushikwa pande mbili. Anayeishika upande mmoja tu, kama ya mkokoteni, atakuta imepinda kabla ya mwezi kwisha. Kila gurudumu liwe na kishikizo ndani na nje. Kwa sanduku la sentimita 65, upana wote utakuwa sentimita 97 hivi, na tela litapita penye njia ya mkokoteni.

Gurudumu liwekwe wapi? Ikiwa sanduku linaanza sentimita 80 nyuma ya kiungo, katikati yake ni sentimita 175. Magurudumu yawekwe sentimita 195 kutoka kwenye kiungo, yaani 20 nyuma ya katikati. Hapo sehemu moja ya kumi ya uzito, kilo 8, itakaa juu ya kiungo. Pungufu ya hapo, tela huanza kuyumba mkia kama samaki. Zaidi ya hapo, gurudumu la mbele la pikipiki huwa jepesi na usukani hulegea. Mizani ya chama itumike tena: tela likiwa limepakiwa, mkono wake uning'inizwe kwenye mizani, usawa na mahali utakapofungwa. Ikisoma chini ya 7 au juu ya 9, mzigo usogezwe.

Katika mbuga nyeusi wakati wa masika, udongo hushikamana chini ya madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Madigadi za tela ziwe mbali na tairi kwa upana wa vidole vinne, au ziondolewe kabisa msimu huo.

KULALA NDANI

Sanduku dogo lililofungwa vizuri laweza kuwa kaburi. Neno hili ni zito, lakini ni la kweli. Yawekwe matundu mawili, moja mbele na moja nyuma, kila moja sentimita 15 kwa 30, yenye wavu wa kuzuia mbu na yasiyo na kifuniko cha kufungwa kabisa. Mikoa hii ina malaria nyingi, na wavu mzuma ni dawa ya bei ndogo.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika moja, hata kama mvua yanyesha na mtu anatetemeka. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na humwua mtu akiwa usingizini. Mlango ufunguke kutoka ndani daima, na komeo la nje lisiweze kumfungia mtu ndani.

Kwa wachimbaji kuna onyo la pekee. Zebaki isihifadhiwe katika tela, na dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki isichomwe ndani yake wala karibu nayo. Mvuke wake hukaa katika mbao na godoro, na mlalaji huuvuta kila usiku. Rwamgasa, wilayani Geita, palikuwa mahali pa mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki katika miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hayo hayakufanywa bure.

Kabla ya kulala, miguu minne ya kutegemea ishushwe pembeni. Bila miguu hiyo, mtu akiingia kwa nyuma tela litainuka mbele na kumwaga kila kitu. Na kamwe mtu asipande ndani ya tela linapokwenda, awe mtoto au mgonjwa.

KUJARIBU, KUANDIKA, KUAMUA

Mkutano mkuu usiidhinishe matela kumi. Uidhinishe moja. Kabla fundi hajakata mbao, katibu aandike barua kwa polisi wa usalama barabarani na kwa Mamlaka ya Mapato, aulize masharti ya kuandikisha tela la pikipiki, taa, viakisi mwanga na bima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake hazijifunzwi kwa kukamatwa njiani. Jibu la maandishi liwekwe katika jalada. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liombwe kutazama mchoro.

Jaribio la kwanza liwe la tela tupu, kwenye uwanja. Jaribio la pili liwe la mifuko ya mchanga ya kilo 30, kilometa 50, mwendo usiozidi 40 kwa saa, na penye mteremko usiozidi 20. Kila kilometa 10 dereva asimame, aguse vitovu vya magurudumu kama vimepata moto, aikague kila bolti na kila mahali palipochomelewa. Breki zijaribiwe penye lami na penye changarawe, na umbali wa kusimama upimwe kwa hatua na kuandikwa. Hapo tu ndipo mtu apewe tela alitumie siku 30, naye arudi na daftari: ni nini kilichovunjika, mafuta yaliongezeka kiasi gani, alilalaje.

Tela hili lina kazi yake, na mipaka yake ijulikane. Si la kubebea pamba, wala mawe ya dhahabu, wala saruji. Mzigo huo una guta na mkokoteni wa ng'ombe, na vyombo hivyo viheshimiwe kwa kazi yao. Siku ile mtu atakapotia gunia moja tu la pamba juu ya godoro kwa sababu "ni karibu", kazi yote ya mizani itakuwa imepotea.

Chama kikiona baada ya jaribio kwamba pikipiki yake imelemewa, kisione haya kuliacha tela na kumjengea mpimaji wake chumba cha matofali kituoni. Hilo nalo ni jibu jema. Kisichofaa ni kumwacha alale vumbini mwaka hadi mwaka kwa kisingizio kwamba jambo bado linafikiriwa, au kumpeleka barabarani na mzigo usiopimwa kwa kisingizio cha maendeleo.

Ndugu wanachama, mpimaji hulinda jasho la wengi. Mchimbaji naye hushuka shimoni asijue kama atapanda na kitu. Kumpa mtu wa namna hiyo mahali pakavu pa kulala, penye komeo, si anasa. Lakini mahali hapo pajengwe kilo kwa kilo, mbele ya macho ya wote, na mizani itakaposema hapana, chama kisikie hapana.